Ukuta Wenye Malango: Utangulizi wa Elimu ya Mipaka ya Kirumi

Anayetaka kujifunza habari za mipaka ya Dola ya Kirumi namshauri aviweke vitabu kando kwanza. Afike asubuhi Steel Rigg, katika Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, akiwa na viatu vyenye soli imara, koti la mvua, na mwongozaji anayelijua eneo. Kutoka hapo hadi ngome ya Housesteads, upande wa mashariki, ni kama kilomita 5, na njia yote inafuata Ukuta wa Hadrian. Mwenye haraka huzimaliza kwa saa mbili. Aliyepata mwongozaji mzuri atashinda huko kutwa, na jioni atakuwa na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo. Utangulizi huu ni wa huyo wa pili.

Tuanze na yasiyobishaniwa. Kaisari Hadrian alizuru Britania mwaka 122 BK, na ukuta ukaanza kujengwa katika kipindi hicho. Ulikatiza kisiwa kutoka mto Tyne, mahali panapoitwa leo Wallsend, hadi Bowness kwenye ghuba ya Solway upande wa magharibi: maili 80 za Kirumi, yaani kama kilomita 117. Walioujenga ni askari wenyewe wa legioni tatu, ya 2, ya 6 na ya 20, kwa kuwa jeshi la Roma lilikuwa na wapimaji wake, waashi wake na wachoma chokaa wake. Magharibi ya mto Irthing walianza kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, kisha baadaye sehemu hiyo nayo ikajengwa upya kwa mawe. Kila baada ya maili moja waliweka ngome ndogo ya askari wachache, na kati ya ngome ndogo mbili wakasimamisha minara miwili. Kusini mwa ukuta wakachimba handaki lenye sakafu bapa, upana wake kama mita 6 na kina chake kama mita 3, likiwa na tuta la udongo kila upande. Handaki hilo na matuta yake wataalamu huyaita Vallum. Na kwa kuwa wengi hudhani ukuta huu ndio mpaka wa Uingereza na Uskoti, niseme mapema: wote uko ndani ya Uingereza, na ulijengwa karne nyingi kabla nchi hizo mbili hazijakuwapo.

Mgeni akisimama mara ya kwanza mbele ya ukuta, swali lake huwa moja: ulijengwa kumzuia nani? Ni swali la haki, ila nakuomba, msomaji, uliweke kiporo mpaka ufike kwenye ngome ndogo nambari 37, karibu kabisa na Housesteads. Lango lake la kaskazini bado limesimama kwa sehemu, na mawe ya mwanzo ya tao lake yanaonekana juu ya nguzo. Lilijengwa na Legioni ya 2 kwa mawe makubwa yaliyochongwa vizuri, na upana wake wa awali ulitosha gari la kukokotwa kupita. Vuka kizingiti chake, kisha simama, maana hatua chache mbele ardhi inaporomoka. Gari lisingeweza kushuka hapo hata kidogo. Kwa nini basi watu wahangaike kujenga lango la fahari mahali pasipopitika? Kwa sababu mpango ulitaka kila ngome ndogo iwe na lango kusini na lango kaskazini, na maili ilipotimia ndipo lango lilipojengwa, liwe bonde au genge. Msomaji wa Afrika Mashariki, anayeujua mstari ulionyooshwa kwa rula katikati ya nchi ya Wamaasai, hatapata shida kuitambua kazi ya mtu aliyepanga akiwa mbali. Walioishi hapo ndio waliorekebisha: baadaye lango lilizibwa kwa sehemu, ukabaki upenyo wa mtu anayekwenda kwa miguu.

Lango hilo hilo lina somo jingine, nalo ndilo lililonivuta katika taaluma hii. Ukuta uliokusudiwa kuifunga nchi usingewekewa mlango kila maili. Malango yanakaribia themanini, mbali na yale ya ngome kubwa. Chini kidogo ya Housesteads, kwenye kijito cha Knag Burn, kuna lango jingine lililofunguliwa karne ya 4, lenye milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na chumba cha walinzi kila upande. Msafiri aliingia, mlango ukafungwa nyuma yake, akakaguliwa, ndipo wa pili ukafunguliwa. Vallum nalo halikuvukwa popote tu, bali mbele ya ngome, juu ya kivuko chenye lango. Ukiyaweka haya pamoja unaona mashine ya kuhesabu na kukagua wapitaji: nani anakwenda wapi, na mifugo gani, na bidhaa gani. Ndiyo maana nasema elimu ya mipaka ya Kirumi ni elimu ya kupita kabla ya kuwa elimu ya kuzuia.

Wako wenzangu wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Upande wa mashariki, kwenye nchi tambarare karibu na Newcastle, wachimbuaji wamekuta mashimo yaliyopangwa kwa safu kati ya ukuta na handaki jingine lililo mbele yake, upande wa kaskazini, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba yalisimikwa matawi yenye ncha kali ili kumchelewesha anayeshambulia. Mkaguzi wa forodha hahitaji miiba ya namna hiyo. Mahali kadhaa pia, chini kabisa ya ukuta, imeonekana mifereji ya majembe ya kukokotwa na ng'ombe, ishara kwamba mstari wa Kaisari ulipita juu ya mashamba ya watu waliokuwa wakilima. Watu hao hawakuacha maandishi, lakini haihitaji maandishi kujua kwamba walikuwa na sababu ya kukasirika. Mwanafalsafa R. G. Collingwood, ambaye pia alikuwa mwanaakiolojia, aliandika mwaka 1921 kwamba ukuta haukuwa jukwaa la kupigania vita, na mjadala huo haujapoa zaidi ya miaka 100 baadaye. Ukitembea na waongozaji wawili tofauti utasikia kila mmoja akiegemea upande wake. Waulize wanachoegemea. Mwongozaji mzuri hufurahi kuulizwa.

Jambo la pili la kujifunza njiani ni kuona mahali wajenzi walipobadili mawazo. Ndani ya ngome ya Housesteads, karibu na ukuta wake wa kaskazini, kuna msingi wa mnara ambao hauna kazi yoyote hapo. Ni mnara nambari 36B. Ulikwisha kuanzwa kabla ya ngome, kwa sababu mpango wa kwanza ulikuwa na ngome ndogo na minara peke yake, askari wengi wakiwa wamebaki nyuma, kusini. Kisha ikaamuliwa ngome kubwa ziletwe juu ya mstari wenyewe. Mnara ukabomolewa na ngome ikajengwa juu yake. Unene wa ukuta nao ulipunguzwa kazi ikiwa inaendelea, na ndiyo maana mahali pengine utaona ukuta mwembamba umekaa juu ya msingi mpana uliotangulia. Karibu na Steel Rigg, kwenye bonde la Peel Gap, miaka ya 1980 ulifukuliwa mnara usiokuwamo katika hesabu ya minara miwili kwa kila maili. Shuka hapo utaelewa: minara ya pande zote mbili haikuweza kuliona bonde, na mtu angepenya bila kuonekana. Huo ni uamuzi wa afisa aliyeikagua sehemu yake kwa miguu kama unavyofanya wewe.

Kabla ya kuendelea, inama uutazame ukuta kwa karibu. Jiwe la usoni ni jiwe la mchanga, limechongwa uso wa mstatili unaoweza kufunikwa na viganja viwili, na nyuma limepunguzwa kama kabari ili lishike ndani. Katikati ni kifusi. Jabali lililo chini ya miguu yako, lile linalofanya magenge meusi yanayotazama kaskazini, si jiwe la mchanga. Ni doleraiti, uji wa moto uliopenya kati ya matabaka ya miamba yapata miaka milioni 295 iliyopita ukaganda. Ni gumu mno kuchongwa, kwa hiyo mawe ya usoni yaliletwa kutoka machimbo mengine. Sasa tazama kilele cha ukuta. Ukiona umefunikwa majani na mawe yake yamepangwa bila chokaa, sehemu hiyo ilipangwa upya na vibarua wa John Clayton, karani wa mji wa Newcastle aliyefariki mwaka 1890, ambaye kwa miongo mingi alinunua shamba baada ya shamba ili watu waache kuchukua mawe ya kujengea mazizi. Ukiona chokaa ngumu kati ya mawe, hiyo kwa kawaida ni kazi ya serikali katika karne ya 20. Kwa hiyo unachokiona ni mawe ya Kirumi katika mpangilio ambao mara nyingi si wa Kirumi, na mwanafunzi asiyelijua hilo ataandika makosa kwa ujasiri mkubwa. Na tafadhali usipande juu. Nyayo hulegeza mawe ya kilele, maji yakaingia, na baridi ya majira yanayofuata ikamalizia.

Kuzunguka na kiongozi kunakoeleweka leo kama utalii ndiko kulikoizaa taaluma yenyewe. Mwaka 1801 William Hutton, akiwa na miaka 78, alitembea kwa miguu kutoka Birmingham, akaufuata ukuta mwanzo hadi mwisho, akarudi nyumbani kwa miguu. Siku zake wengi waliamini ukuta ni wa Kaisari Septimius Severus. Mwaka 1840 John Hodgson alitoa hoja kwamba ni wa Hadrian, akitumia maandishi ya mawe yaliyotoka kwenye ngome ndogo. Mojawapo ya mawe yanayothibitisha hoja hiyo lilipatikana katika ngome ndogo nambari 38, ambayo utaipita karibu na shamba la Hotbank: lina jina la Hadrian na la gavana wake, Aulus Platorius Nepos. Siku hizi liko katika jumba la makumbusho la Newcastle, na pale Hotbank kumebaki umbo la mraba chini ya nyasi. Miaka 9 baada ya Hodgson, John Collingwood Bruce aliongoza kundi la kwanza la wapenda historia kuutembelea ukuta wote, na ziara hiyo bado inafanyika, sasa kila baada ya miaka kumi hivi.

Njiani utapita pia bonde la Sycamore Gap, uliposimama mti uliopigwa picha pengine kuliko sehemu nyingine yoyote ya ukuta, hadi ulipokatwa usiku mmoja wa Septemba 2023. Kisiki kimechipua. Watu husimama hapo kwa muda mrefu, na waongozaji wenye busara huwaacha.

Mchana, baada ya Housesteads, nenda Vindolanda, kilomita chache kusini. Ngome hii ilikuwapo kabla ya ukuta, na tope lake lisilopitisha hewa limehifadhi vitu ambavyo kwingine vimeoza: viatu, nguo, masega. Mwaka 1973 Robin Birley alifukua hapo vipande vyembamba vya mbao, unene wa milimita 1 hadi 3, vyenye maandishi ya wino. Maandishi yalififia punde yalipoguswa na hewa, yakaja kusomeka kwa picha za infraredi. Katika barua moja Octavius, mfanyabiashara au msimamizi wa ugavi, anahimiza atumiwe fedha asije akapoteza arubuni aliyokwisha kuitoa kwa nafaka, na anaeleza kuwa ngozi zake hajazifuata kwa sababu barabara ni mbaya. Katika nyingine Claudia Severa, mke wa kamanda wa ngome, anamwalika Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa Vindolanda, kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake tarehe 11 Septemba. Mwandishi wa ofisi aliandika barua, na Severa akaongeza salamu za mwisho kwa mkono wake mwenyewe, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini yanayojulikana kuwa ya mkono wa mwanamke.

Msomaji wa Kiafrika ana sehemu yake katika habari hii, wala si ya kuombwa. Severus aliyedhaniwa kuwa mjenzi, na ambaye kweli ukuta ulikarabatiwa enzi zake, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Lollius Urbicus, gavana aliyesimamia ukuta wa pili kaskazini zaidi kuanzia mwaka 142, alitoka Algeria ya leo. Katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini kiliwekwa Burgh by Sands, karibu na mwisho wa magharibi. Na huko South Shields, mdomoni mwa mto Tyne, limehifadhiwa jiwe la kaburi la Victor, Mmauri aliyekufa akiwa na miaka 20, mtumwa aliyekuwa ameachwa huru na mpanda farasi aitwaye Numerianus. Amechongwa akiwa amejinyoosha kitandani karamuni, kikombe mkononi. Numerianus, yasema maandishi, alimzika kwa upendo mkubwa.

Tope lililotunza barua za Octavius na Severa linakauka. Huko Magna, ngome nyingine kilomita kadhaa magharibi, ardhi ya majimaji imeanza kushuka na kupasuka kadiri hali ya hewa inavyobadilika, na uchimbuaji ulioanza mwaka 2023 unakimbizana na hewa inayoingia kwenye tabaka za chini. Kila msimu watu wa kujitolea hupokelewa kufanya kazi pamoja na wataalamu, Vindolanda na Magna, na asiyewahi kushika mwiko wa akiolojia hufundishwa hapo hapo. Mwongozaji wako atakueleza namna ya kujiandikisha; muulize kabla hamjaagana, maana nafasi hujaa mapema.