Likizo ndefu ya kidato cha nne: binti naye apewe wasaa

Iwapo nyumbani kwako yumo binti aliyemaliza mtihani wa kidato cha nne, basi unaujua urefu wa likizo tunayoizungumzia. Mtihani humalizika mwezi wa Novemba. Matokeo hutangazwa aghalabu mwishoni mwa Januari, na wale wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni mwezi wa Julai. Hiyo ni zaidi ya miezi saba, na sehemu yake kubwa huangukia katika kiangazi chetu cha pwani, wakati pepo za kaskazi zinapovuma na jiji la Dar es Salaam likiwa na joto hata usiku wa manane. Huenda binti huyo asipate tena miezi saba ya namna hiyo maishani mwake.

Kila mwaka wasichana huusiwa waitumie vyema likizo hiyo: wasome, washone, wacheze michezo, waache uzururaji. Nasaha hizo ni njema, lakini huanzia hatua ya pili. Hudhani kwamba binti tayari anao wakati wa mapumziko, na kilichobaki ni kuchagua la kufanya. Hebu tuitazame siku yake ilivyo.

Katika nyumba nyingi za mjini siku hiyo huanza kabla ya alfajiri, kwani mama anakaanga maandazi ya biashara na binti ndiye mkono wake wa pili. Kisha ni kufagia uwanja, kuteka maji, kuwaogesha wadogo, kwenda sokoni, kupika cha mchana, kuosha vyombo, kufua, kupiga pasi, kuandaa chai ya jioni, kupika cha usiku na kuosha vyombo tena. Kaka yake, ambaye pengine alifanya mtihani uleule katika chumba kilekile, hunywa chai, huvaa viatu na kushika njia ya kijiweni. Hurejea chakula kikiwa mezani. Hakuna anayemwuliza alikuwa wapi.

Jambo hili si geni. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliusifu utaratibu wa maisha ya jadi, lakini hakuzificha kasoro zake. Mojawapo aliyoitaja ni kwamba wanawake walifanya, na walikuwa wangali wakifanya, kazi kupita sehemu yao ya haki, mashambani na majumbani. Zaidi ya nusu karne imepita. Shamba limekuwa chumba na ukumbi huko Mbagala au Manzese, kuni zimekuwa mkaa au gesi, lakini mgawanyo wa kazi haujabadilika sana.

Matokeo yake ni kwamba binti hapati wasaa. Huokota vipande vya wasaa. Robo saa baada ya vyombo, dakika kumi maharagwe yakichemka, nusu saa kabla ya kuitwa dukani. Kwa vipande hivyo afanye nini? Hushika simu. Wazazi nao hulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kitu ila simu, wasitambue kwamba simu ndiyo starehe pekee inayoweza kukatwa katikati bila hasara. Riwaya haisomeki namna hiyo, kwani kila ukiirudia umesahau nani alimwambia nani nini. Timu ya mpira wa pete huhitaji wachezaji saba waliofika uwanjani saa moja ileile, na aliyechelewa kwa sababu ya kusonga ugali huwaangusha sita.

Chukua mfano wa ushonaji, ambao wazazi wengi hupenda kuutaja. Fundi mwenye subira hamwanzishi mwanafunzi kwa kitambaa. Huutoa uzi katika sindano, humpa karatasi, na kumwambia akanyage cherehani taratibu mpaka mguu uzoee. Akikanyaga vibaya gurudumu hurudi nyuma, na siku atakapotia uzi, utakatika. Baada ya hapo ni mstari ulionyooka, kisha uliopinda, kisha foronya, kisha sketi. Kola ya shati huja mwisho, na wengi hukata tamaa hapo. Mwanafunzi anayefika kwa fundi saa mbili mfululizo kila siku huiona kola hiyo kabla likizo haijaisha. Yule anayekuja leo robo saa na kesho asije atakuwa bado kwenye karatasi, na watu watasema hana akili ya cherehani.

Wapo wanaouliza: saa hizo mbili akizitumia kwa kuimba na wenzake je, si upuuzi? Hao wangefaa wamkumbuke Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma ya lelemama hapa Dar es Salaam. Mwaka 1955, alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, alivitumia vikundi hivyohivyo vya ngoma, ambamo wanawake walikuwa tayari wanajuana na wana viongozi wao. Wakajiunga kwa maelfu. Starehe ya akina mama wale, ambayo wakoloni bila shaka waliiona ni kelele za jioni, ikawa nguvu ya chama. Leo barabara yenye jina lake ndiyo ilipo Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo Mwalimu aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Ndani kuna meza, viti na utulivu, mambo matatu ambayo chumba na ukumbi chenye watu wanane hakiwezi kumpa msomaji.

Najua hofu ya mzazi. Binti akitoka, atapotoshwa. Akipata mimba, ndoto imekatika. Hofu hiyo ina msingi, ingawa tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warejee katika shule za kawaida. Hata hivyo, kumfungia ndani hakumlindi. Binti asiye na saa yake halali huiba saa, na saa ya kuibwa hutumika gizani, kwa visingizio, pamoja na watu usiowajua. Anayekwenda kwa fundi unayemfahamu, saa nane, na kurudi saa kumi, unajua alipo.

Basi wazazi na wakae na watoto wao, wa kike na wa kiume, wagawane kazi kwa majina. Kijana wa miaka kumi na saba anaweza kuteka maji na kufua shati lake mwenyewe; mikono anayo. Mama asidhani tunamlaumu. Yeye naye hana wasaa, na mara nyingi humkalia binti kwa sababu hakuna mwingine wa kumsaidia. Baba akisema neno moja tu juu ya ndoo za maji, mgawanyo utabadilika jioni hiyohiyo.

Nawe binti unayesoma ukurasa huu, ukiipata saa yako, usiombe radhi kwa namna utakavyoitumia. Ukitaka kujifunza kompyuta, VETA hutoa mafunzo ya muda mfupi. Nenda kaulize ada mapema, kabla matokeo hayajatoka na foleni haijawa ndefu. Ukitaka kusoma, soma. Na kama katika wiki ya kwanza, baada ya miaka minne ya kuamka gizani kuwahi daladala, unachotaka ni kulala mchana chini ya mwembe, mkeka utandikwe, wadogo zako waambiwe wanyamaze, na vyombo vya mchana avioshe kaka yako.