Maji yapimwe kabla ya parseli

Bunia, kama miji mingi ya Kongo, inagawa ardhi kwanza na kufikiria maji baadaye. Mpimaji anafika, avenii zinanyooshwa juu ya kilima na bonde pasipo tofauti, parseli zinauzwa, nyumba zinasimama. Kisha mvua kubwa ndiyo inayomwambia mwenye nyumba kwamba alinunua njia ya mto. Tukitaja mabadiliko ya tabianchi, wengi wanawaza miche ya kupanda, semina na fedha za wafadhili. Hayo yana nafasi yake. Lakini kwa mji huu unaozungukwa na teritwari ya Irumu, kinga kubwa zaidi, na ya bei nafuu kuliko zote, inapatikana mezani pa ofisi ya urbanisimu kabla parseli ya kwanza haijapimwa. Hapo ndipo inapoamuliwa mahali gani pasijengwe kamwe, na maji ya kila barabara mpya yatamwagikia wapi.

Sababu yake iko katika hewa na katika udongo. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke wa maji karibu asilimia 7 zaidi, kwa hiyo mvua ya saa moja leo inaweza kushusha maji mengi kuliko ile ambayo mifereji ya zamani ilichimbiwa. Maji hayo yanaangukia mji uliobadilika. Penye majani pamewekwa mabati na ua uliogandamizwa na nyayo, mahali ambapo maji hayazami bali yanakimbia, yakitafuta mito ya Nyamukau, Ngezi na hatimaye Shari. Barabara isiyo na mfereji wenye mwisho salama inayakusanya, inayapa nguvu, na kuyatupa yote mahali pamoja. Korongo linaanzia hapo. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo 2,922 ndani ya miji 26 ya nchi yetu, na ukakadiria kwamba kati ya 2004 na 2023 watu wapatao 118,600 walipoteza makazi kwa sababu yake. Jambo la kutafakari katika utafiti huo ni kwamba sehemu kubwa mno ya makorongo inafuata barabara na mifereji. Maana yake ni kwamba mchoro wa mtaa unaweza kuleta maafa, na vilevile unaweza kuyazuia.

Ziwani somo ni lile lile kwa sura nyingine. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo kilicholingana na rekodi ya mwaka 1964 na hata kuipita kidogo, na maji yake yanashuka kwa Nile hadi Ziwa Albert, ambalo nalo lilipanda na kuingia katika makazi ya kandokando. Kwa mtu wa Kasenyi, huko Irumu, ziwa lililofika mlangoni lilionekana jambo geni. Kwa mpangaji wa ardhi lilikuwa limerudi mahali lilipowahi kufika miaka ya 1960. Mstari wa ufuo unaofaa kuwekwa katika ramani ni ule wa maji ya juu kabisa, si ule wa msimu wa kiangazi ambao mnunuzi ameuona.

Wapo watakaosema: usalama kwanza. Mkoa wetu wa Ituri uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na watu wanauawa vijijini. Nani ana muda wa kuchora mabonde? Hoja hii ni nzito, lakini vita vyenyewe ndivyo vinavyoharakisha jambo hili. Ghasia za teritwari ya Djugu kuanzia mwisho wa 2017 zilileta maelfu kwa maelfu ya watu Bunia. Wako ambao mpaka leo wanaishi kwenye kambi kama Kigonze, na wengine wametafuta kiwanja. Aliyekimbia bila kitu ananunua kinachouzwa rahisi, na kinachouzwa rahisi ni bonde lenye maji na mteremko mkali. Amani ikichelewa miaka kumi, mitaa hiyo itakuwa imekwisha kujengwa.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi: kwamba ramani ya namna hii itageuka fimbo ya kuwafukuza maskini. Hofu hiyo ina msingi. Dar es Salaam, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wa Jangwani walihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao, na wako waliorudi bondeni. Bonde hilo, la mto Msimbazi, sasa linatengenezwa kwa mradi ambao Benki ya Dunia peke yake iliukopesha dola milioni 200 mwaka 2022. Bunia haina fedha za kurekebisha kosa la ukubwa huo. Ndiyo maana katazo lianze na ardhi ambayo bado haijagawiwa, mabonde yakiachwa kuwa bustani za mboga zenye mwenyewe anayejulikana, kwa sababu ardhi isiyo na kazi huvamiwa. Waliokwisha kujenga wanahitaji mifereji, vivuko na ngazi. Kuhamishwa kuwe kwa walio katika hatari ya kufa tu, tena baada ya kuonyeshwa parseli nyingine karibu na riziki yao.

Linabaki swali la nani anayeshika kalamu, na hapa mipango mingi imekufa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali, lakini ilisukuma ardhi za kimila kwenye amri ya rais ambayo haikutolewa. Hivyo pembezoni mwa Bunia chefu anauza, kadasta inathibitisha, na ofisi ya meya inakuta mtaa umekwisha kuwapo. Ramani iliyochorwa na meya peke yake haitazuia hata nyumba moja. Inapaswa kutiwa sahihi na wote watatu, ikitumia picha za setilaiti za bure pamoja na kumbukumbu za wazee kuhusu mahali maji yalipofika, na kubandikwa katika ofisi ya kila kartie, ili mnunuzi aitazame kabla ya kutoa pesa, na chefu anayeuza bonde ajue kwamba kadasta haitaandika hati yake.