Themostati Moja, Transfoma Mbili

Themostati ni swichi inayoendeshwa na halijoto. Katika nyumba nyingi za zamani za Marekani, boila hupasha joto, na kiyoyozi kilichofungwa miaka ya baadaye hupoza. Kila mtambo una transfoma yake ya volti 24. Themostati janja yenye ncha mbili za kupokea umeme yaweza kuitawala mitambo yote miwili, mradi sakiti zake zisichanganyike.

Waya wa umeme wa boila hufungwa kwenye ncha yenye alama Rh, na wa kiyoyozi kwenye Rc. W huamuru kupasha, Y huamuru kupoza, G huendesha feni. Kipande cha waya kinachounganisha Rh na Rc sharti kiondolewe. Je, kikisahauliwa? Iwapo pande za pili za transfoma nazo zimeunganika, na mawimbi yake yanapingana, volti 24 hujumlika na 24: volti 48 husukuma mkondo mkubwa katika sakiti yenye ukinzani mdogo, na transfoma huungua.

Kompyuta iliyo ndani ya themostati nayo huhitaji umeme daima. Waya wa C unaokamilisha sakiti yake kwa kawaida hutoka kwenye transfoma ya kiyoyozi. Kabla ya kugusa waya wowote, umeme wa mitambo yote miwili huzimwa. Kuzima mmoja hakutoshi.