Ubao unaofuta ushindi

Msimu wa 2024/25 Simba ilicheza mechi 30 za Ligi Kuu. Ilishinda 25, ikatoka sare tatu, ikafungwa mbili. Kwa ligi nyingi hizo ni hesabu za bingwa. Lakini kwenye ubao wa mama lishe mmoja wa Mbezi Luis, jirani na Kituo cha Mabasi cha Magufuli, ushindi wote huo haupo, hata mmoja. Zile sare tatu, dhidi ya Coastal Union, Fountain Gate na Azam, nazo hazipo. Vilivyobaki ni vipigo viwili, vyote vya Yanga.

Upande wa mbele wa ubao huo kuna wali maharage, ugali dagaa na supu. Mwezi Julai 2025, ligi ikiwa imeshamalizika, kondakta mmoja aliugeuza kuwaonyesha wenzake kilichoandikwa mgongoni. Meza nzima ikaangua kicheko, na ilikuwa meza ya Yanga. Mwenye ubao hakucheka wala hakununa. Aliurudisha kwenye msumari wake, akaendelea kugawa supu. Nilichokiona kwa sekunde zile chache kilinikaa kichwani, nikarudi siku nyingine alasiri, wateja wakiwa wamepungua, kumwomba anieleze.

Mgongoni, kona ya kulia, kuna boksi lililochorwa kwa chaki nzito. Ndani yake kuna mistari mitano: 5-1, 2-1, 1-0, 1-0, 2-0. Kona ya kushoto kuna tarakimu moja tu, 2, isiyo na tarehe wala jina la timu. Katikati hakuna kitu.

"Hapo katikati ndipo penye ligi," alisema. "Simba akishinda, nafuta. Akitoa sare naandika, akifungwa naandika, mpaka ashinde tena. Msimu uliopita hapo katikati palikuwa peupe karibu muda wote."

Nikamuuliza zile mechi 25 anaziweka wapi.

"Siweki popote. Mwanangu, mimi hapa nakopesha chakula. Mtu akishanilipa nalikata jina lake. Nikae na jina la mtu aliyelipa la nini? Mnyama kunifurahisha ndiyo kazi yake. Akishinda amelipa, tunaanza upya."

Hakutaka jina lake liandikwe. "Andika timu," alisema.

Alianza na ubao huu akipika Ubungo, kabla mabasi ya mikoani hayajahamia Mbezi Luis mwaka 2021. Mabasi yalipohama naye alihama, akaja na masufuria, mabenchi na ubao. Kanuni zake hakuzipanga siku moja. Kila moja imetokana na mechi iliyomuumiza, na anakumbuka ni ipi.

Kanuni kwamba sare haifuti kitu ilizaliwa Agosti 2019. Simba ilikwenda Msumbiji ikatoka 0-0 na UD Songo, ikarudi Dar es Salaam ikatoka 1-1, ikaondolewa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa lile bao la ugenini. "Hatukufungwa hata siku moja na tukatoka. Tangu siku hiyo sare sijaiamini. Inakuja na uso mzuri."

Kanuni ya kona ya kushoto ni ya Mei 2021, na hii ndiyo iliyonifanya nivute benchi.

Simba ilikuwa imefungwa 4-0 na Kaizer Chiefs kule Afrika Kusini, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wiki nzima ubao ulikaa na 4-0. Mei 22 ikaja mechi ya marudiano Kwa Mkapa. Mama aliitazama palepale kibandani, kwenye televisheni iliyofungwa juu ya kabati la vyombo, kipande cha chaki mkononi. Bocco akafunga. Akanyanyuka, akafuta ile 4, akaandika 3. Kipindi cha pili Bocco akafunga tena. Akafuta 3, akaandika 2. Wateja wakaacha kula. Hata watu wa Yanga, anasema, walinyamaza kwa heshima, maana kilichokuwa kikitendeka kilikuwa kikubwa. Zikiwa zimebaki dakika chache Chama akafunga la tatu. Akafuta 2, akaandika 1.

"Sikukaa tena. Nilibaki nimesimama pale ubaoni, mkono nimeuinua hivi, nasubiri kufuta ile moja. Refa akapuliza. Mkono bado uko juu."

Hapo ndipo ulipozuka ubishi ambao waliokuwepo bado wanaukumbuka. Simba imeshinda 3-0, na kanuni inasema ushindi unafuta. Basi futa, walisema wengine. Wengine wakasema tumetolewa, unafuta nini? Mama alisikiliza pande zote, kisha akafuta kila kitu isipokuwa ile 1, akaihamishia kona ya kushoto. "Tulidaiwa nne, tukalipa tatu. Imebaki moja. Nani anabisha?" Hakuna aliyebisha.

Tangu siku hiyo mechi mbili za nje anazihesabu kama moja, na kinachobaki anakiandika kama deni la nchi husika. Ile 1 ya Afrika Kusini ilikaa ubaoni miaka karibu minne. Simba ilipotolewa na Orlando Pirates mwaka 2022 hakuiongeza, kwa sababu ilikuwa kwa matuta, na matuta haandiki; mwaka 2023 Wydad nao waliitoa Simba kwa matuta, Morocco haikuandikwa kitu. Mwaka 2024 Al Ahly ilishinda 1-0 hapa na 2-0 Cairo, akaandika 3 ya Misri chini ya ile 1.

Ndipo ikaja Aprili 2025, mwezi ambao anausimulia macho yakimng'aa. Robo fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba ilifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, ikarudisha 2-0 Kwa Mkapa na kupita kwa matuta. Akafuta 3 ya Misri. Wateja wa Yanga walipinga, na kwa haki: matuta si huwa huandiki? Akawajibu kwamba kutoka kwa matuta si deni, lakini kupita ni kupita. Mimi naona hapo kanuni ilipinda kidogo kwa mapenzi, na sidhani kama kuna shabiki atakayemlaumu.

Nusu fainali ikaja Stellenbosch, timu ya Afrika Kusini. Ahoua akaifungia Simba bao moja Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Marudiano Durban yakaisha 0-0. Hesabu ya mechi mbili: moja.

"Moja!" Alipiga meza. "Ile ile moja! Nilikwenda pale nikaifuta kwa kiganja, siyo kwa kitambaa. Kuna dereva mmoja alilia. Mtu mzima, anaendesha basi la Mbeya."

Baada ya furaha hiyo ikabaki kazi ya fainali. Mei 17 Simba ilifungwa 2-0 na RS Berkane huko Morocco. Marudiano, Mei 25, yalihamishiwa Amaan kwa sababu CAF haikuridhika na eneo la kuchezea la Uwanja wa Mkapa. Mutale aliifungia Simba mapema, Kagoma wa Simba akatolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha pili, Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza. Ikaisha 1-1. Hiyo ndiyo 2 iliyopo kona ya kushoto.

Lakini kwa mama ile 2 ina historia ndefu kuliko Berkane. Mwaka 1993, akiwa shule ya msingi, Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilikwenda Abidjan ikatoka 0-0 na Stella, nchi nzima ikajua kombe limeshafika. Kwenye marudiano Dar es Salaam, Simba ikafungwa 2-0. Baba yake alikuwa akisikiliza Redio Tanzania. Bao la pili lilipoingia aliizima redio kabla mpira haujaisha, akasema betri zisiishe bure.

"Fainali mbili za Afrika tumefika. Zote mbili, mbili," alisema akinionyesha vidole viwili. "Baba hayupo tena. Nikiiangalia ile namba, naona sijaiandika mimi peke yangu."

Nilikaa kimya kidogo kabla ya kuuliza kuhusu boksi la kulia.

Hilo ni la Mtani. Kipigo cha Yanga hakifutwi na ushindi dhidi ya timu nyingine yoyote. Kinasubiri Yanga mwenyewe afungwe. Mstari wa juu ni Novemba 5, 2023, siku ya mkono, ambayo watu wa Yanga bado wanamwagizia chai tano hata wakiwa wawili. Inafuata Aprili 2024, kisha Ngao ya Jamii ya Agosti 2024, kisha ligi ya Oktoba 2024, kisha Juni 25, 2025. Mara tano mfululizo.

Hapa ndipo ubao wake unaposema ukweli kuliko msimamo wa ligi. Juni 25 timu hizi ziliingia uwanjani Yanga ikiwa na pointi 79 na Simba 78. Simba ilihitaji ushindi mmoja tu, ingekuwa bingwa. Pacome akafunga kwa penalti, Mzize akaongeza, Yanga ikamaliza na pointi 82 na kuchukua ubingwa wa nne mfululizo. Katika msimu mzima wa ligi hakuna timu nyingine iliyoifunga Simba. Tungeuliza Simba imekosa nini, jibu lote liko ndani ya boksi lile, na kule katikati kutupu hakuna cha kutafuta. Viongozi wanaposimama kusema msimu ulikuwa mzuri, hawadanganyi. Ila wanasoma upande wa ubao ambao mama ameshaufuta.

Kuna jambo hajaliamua. Simba akimfunga Yanga mara moja, afute mistari yote mitano au mmoja? Kwa kanuni ya ligi, ushindi mmoja unafuta vyote. Kwa kanuni ya madeni, moja inalipa moja, na ile 5-1 italipwa vipi? Wateja wa Simba wamegawanyika. Wa Yanga wana msimamo mmoja, bila shaka. Nilimwomba jibu. "Siku ikifika nitajua," alisema, nikaona kwamba swali hilo linamsumbua kweli.

Kisha, bila kuulizwa, akanionyesha kitu kwenye fremu ya mbao. Kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, si kwa chaki: 8/3, na mbele yake kistari.

Usiku wa Machi 7, 2025, Simba ilifika Uwanja wa Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, ikazuiwa kuingia, ikatangaza kwamba haitacheza na Yanga kesho yake. Machi 8, siku yenyewe ya mechi, Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yaliyofuata tunayajua: Yanga kusema haichezi tena, kesi kufika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), tarehe ya Juni 15, kisha Juni 25.

Mama hana habari na CAS. Anachokumbuka ni stendi. Ilikuwa Jumamosi, ndani ya Ramadhani. Watu walikuwa wakishuka kwenye mabasi ya mikoani wamevaa jezi, nyekundu kwa kijani, wengi wakiwa wamesafiri usiku kucha.

"Habari ikaja kwenye simu zao hapahapa. Baba mmoja na mwanaye, wa Yanga, mtoto kama miaka tisa, amepakwa rangi usoni. Baba ananiuliza, mama, eti ni kweli? Mimi nitamwambia nini? Niliwapa chai, pesa sikuchukua. Simba, Yanga, siku ile wote walikaa benchi moja. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Sijawahi kuona siku ya watani watu hawachekani."

Nikamwambia mechi hiyo hatimaye ilichezwa.

"Ile ya Juni ni nyingine. Ilikuwa Jumatano, siku ya kazi. Yule baba alirudi? Nauli yake nani alimrudishia? Hiyo ya Juni nimeiandika kwa Mtani, tumefungwa, sina neno. Hii ya Machi siwezi kuiandika kwa chaki, maana hakuna ushindi utakaoifuta. Nani amdai nani hapo?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama limetolewa popote. Kila upande ulikuwa na kanuni zake za kutetea, barua zake na wanasheria wake. Waliokuwa kwenye mabasi hawakuwa na upande wowote wa kuwasemea, na wao ndio wanaoifanya mechi ya watani iwe mechi ya watani. Kufungwa shabiki anakujua. Amekuzoea, ana pa kukuandika, na mama huyu ameonyesha kwamba anaweza kukaa na deni miaka minne bila kuihama timu. Asichoweza kukihesabu ni mechi aliyoisafiria ikafutwa mezani.

Kila msimu mpya unapokaribia, ratiba hutoka. Ombi langu ni kwa Bodi ya Ligi, kwa TFF, kwa Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani. Migogoro ya mazoezi, funguo na kanuni imalizwe mapema, na mwenye kosa aadhibiwe baada ya dakika 90. Mechi inayopigwa Jumamosi, kwa shabiki wa Mwanza au Mbeya inaanza Ijumaa, basi linapowasha injini. Tarehe ikishatangazwa, mpira uchezwe.