Barabara Fupi, Faida Kubwa

Huko Marekani ziko barabara kuu zipitazo jimbo hata jimbo, zilizojengwa kwa sheria ya mwaka 1956. Lakini gari haliwezi kuziingia popote, ila penye maingilio yake tu. Je, mkulima akaaye mbali afanyeje?

Jimbo la Texas lilikuwa limekwisha kupata dawa. Mwaka 1937 ilimalizika barabara ya maili 5.8 toka Mount Enterprise hata Shiloh, ya kutoa mazao shambani mpaka sokoni. Mwaka 1949 sheria ikazitengea barabara za namna hiyo fedha kila mwaka. Leo zapita maili 40,000, na nyingi hufika kwenye maingilio yale. Jimbo ndilo lizitunzalo, si mji mdogo wenyewe.

Maziwa yaliyokwama matopeni hayana bei.