Sikio la Kutafutia Sarafu

Ni nadra kupata wilaya katika Tanzania isiyokuwa na mbuyu, pango au msingi wa boma bovu ambao habari zake hunong'onwa na wazee kwa vijana, kwamba Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita Vikuu vya Kwanza, walizika hapo makasha ya fedha na dhahabu kwa nia ya kuyarudia siku moja. Fununu hiyo haikuzuka patupu. Mwaka 1916, walipokuwa wamekatiwa njia ya bahari na hawana tena namna ya kuletewa fedha kutoka kwao, Wajerumani walifua sarafu zao wenyewe Tabora: za shaba ya njano, zenye thamani ya heller 20, na za dhahabu ya Sekenke, zenye thamani ya rupia 15, ambazo upande mmoja zina sura ya ndovu na mlima nyuma yake. Sarafu hizo za dhahabu zilikuwa kama 16,000. Lakini punje moja ya kweli si gunia la nafaka, na watu wengi wameuza ng'ombe na mashamba yao kwa ajili ya ramani za uongo, ilhali ndovu yule wa Tabora hawajapata kumwona hata kwa ndoto.

Kwa kuwa chombo cha kutafutia metali ardhini, ambacho wachimbaji wadogo wa dhahabu hukiita detekta, sasa kinapatikana kwa urahisi kuliko zamani, na kwa kuwa wengi wanaokinunua hukishika kwa tamaa kabla ya kukishika kwa maarifa, nimeona ni wajibu wangu kueleza jinsi kinavyofanya kazi, jinsi mtu anavyojifunza kukitumia, na kwa nini mwenye kukitumia vema huitafuta habari ya sarafu kwa bidii ile ile anayoitafutia sarafu yenyewe.

Detekta ni fimbo yenye kichwa cha mviringo mfano wa sahani, na ndani ya sahani hiyo mna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme upitao katika waya huo hugeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ugeukapo huzusha nguvu ya sumaku inayozama ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na sarafu, huamsha ndani yake vijimkondo vya umeme vinavyozunguka, navyo vijimkondo hivyo huzusha sumaku yao hafifu, ambayo koili ya pili huipokea, na mashine huigeuza kuwa sauti. Kwa hiyo detekta haioni kitu. Inaita, na metali inaitika. Kazi ya mwanadamu ni kuyafahamu majibu.

Ufahamu huo haujapata kuwa mwepesi hata kwa mabingwa. Mwaka 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule yule aliyetupatia simu, alitengeneza chombo cha namna hii ili aitafute risasi iliyobaki mwilini mwa mgonjwa. Hakufanikiwa, na moja ya sababu zilizotajwa ni kitanda alicholalia Rais, ambacho kilikuwa na springi za chuma zilizovuruga sauti. Miaka sitini baadaye, afisa wa Kipolandi, Józef Kosacki, alibuni chombo cha kutafutia mabomu yaliyotegwa ardhini, na majeshi ya Uingereza yalikitumia katika mapigano ya El Alamein mwaka 1942. Mwanafunzi wa leo na achukue funzo kwa Bell: kabla ya kuituhumu ardhi, ajikague mwenyewe, kwa maana viatu vyenye ncha ya chuma, simu mfukoni na jembe lililolazwa karibu vyote hujibu kwa niaba ya sarafu isiyokuwapo.

Nami nilijifunza katika kiwanja cha mjomba wangu, upande wa Pangani, kwa detekta niliyoazimwa na rafiki anayetafuta dhahabu Handeni. Masharti ya rafiki huyo yalikuwa kwamba siku tatu za mwanzo nisichimbe kitu nisichokijua. Akanizikia mwenyewe, katika mstari mmoja, msumari, kizibo cha soda, karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, pete ya fedha, na sarafu ya shilingi 200, kila kimoja kwa kina cha vidole vinne, akachomeka vijiti juu yake, akaniambia nipite mara mia. Nilidhani ananidhihaki. Lakini kufikia jioni ya siku ya pili masikio yangu yalikuwa yamefunguka: msumari ulikuwa ukitoa mlio mzito uliokatika-katika, karatasi ya bati mlio wa katikati usiotulia, na pete ya fedha mlio mwembamba, mtamu, uliobaki vile vile nilipopita kutoka mashariki na nilipopita kutoka kusini. Hilo la mwisho ndilo siri kubwa ya fani hii, kwamba sauti ya kweli haibadiliki kwa kugeuza upande wa kuiulizia, na takataka aghalabu hujisaliti mtu anapoiuliza mara ya pili kwa njia nyingine.

Pana jambo linalowaponza wengi. Mashine nyingi zina namna ya kuamriwa zinyamaze mbele ya chuma na takataka, na mwanafunzi mwenye haraka huinyamazisha karibu kila kitu ili asichoke kuchimba. Kumbe pete nyembamba ya dhahabu hujibu karibu sawasawa na kipete cha kufungulia kopo la soda, hata anayekataa kusikia kipete huwa amekwisha kuikataa na dhahabu pamoja nacho. Afadhali kuchimba vipete hamsini kuliko kujiziba masikio kwa hiari.

Udongo nao una kauli yake. Ardhi nyekundu yenye chuma kingi hupiga kelele peke yake, kwa hiyo mashine sharti isawazishwe kwanza nayo, kwa kuinua na kuishusha sahani mahali pasipo na kitu mpaka ikome kunung'unika. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme kwa sababu ya chumvi, na mashine ya kawaida ikifika hapo huchanganyikiwa. Watafutaji wa ufukweni hutumia aina nyingine, inayopeleka mapigo mafupi na kusikiliza baada ya kila pigo. Juu ya udongo wa namna yoyote, sahani hupelekwa polepole, karibu na ardhi, ikiwa sambamba nayo kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, na kila mpito hufunika sehemu ya mpito uliotangulia. Anayeirusha juu mwishoni kama mkata majani na fyekeo huacha nusu ya uwanja bila kuupitia.

Sasa niseme neno juu ya kina, maana hapa ndipo matapeli wanapokula. Sarafu moja ya kawaida husikika, kwa mashine nzuri na udongo mwema, takriban shubiri moja chini, au zaidi kidogo. Kitu kikubwa, kama chungu au sanduku, chaweza kusikika chini zaidi, lakini hakuna chombo cha kushikwa mkononi kiwezacho kuionyesha dhahabu iliyo mita 20 ardhini au ng'ambo ya mlima. Anayekuuzia chombo cha namna hiyo, ama anayekukodisha pamoja na ramani na mganga, anakuuzia tamaa yako mwenyewe.

Sauti ikithibiti, mtafutaji hupita juu yake kwa njia mbili zinazokatana mfano wa msalaba, na pale zinapokutana ndipo penye kitu. Hukata udongo kwa mwiko pande tatu, akiuacha wa nne kama bawaba, huufunua kama kifuniko, na udongo wa ndani huuweka juu ya kitambaa ili hata chembe isipotee. Akimaliza hurudisha kila kitu mahali pake na kushindilia kwa mguu. Sarafu iliyotoka haisuguliwi kwa mchanga, ndimu wala majivu, kwa sababu kutu anayoiona mtu ni uchafu mara nyingi ndiyo iliyobeba maandishi, na dakika moja ya kusugua huondoa kilichohifadhiwa kwa miaka mia tano. Na akikutana na kitu kinachofanana na risasi kubwa au bomu, asikiguse. Aondoke, awaite polisi.

Lakini ustadi wa mkono si kitu bila ustadi wa kuuzuia mkono. Mwezi wa Aprili mwaka 2010, karibu na mji wa Frome katika jimbo la Somerset, Uingereza, mtafutaji aitwaye Dave Crisp alisikia mlio wa ajabu shambani, akachimba, akakuta mdomo wa chungu uliojaa sarafu za Kirumi. Fikirini hali ya mtu huyo, peke yake, mbele yake mali ambayo wengine huota maisha yao yote. Akaacha kuchimba, akafukia shimo, akawaarifu wataalamu wa mambo ya kale. Wao walikitoa kilichokuwamo tabaka kwa tabaka kwa siku kadhaa, na hesabu ilipotimia zilikuwa sarafu 52,503, zenye uzito wa kilo 160 hivi. Kwa kuwa kila tabaka liliandikwa, walitambua kwamba nyingi katika sarafu za karibuni, za mtawala Carausius, hazikuwa juu kama ambavyo zingekuwa katika akiba iliyowekwa kidogo kidogo, bali zilikuwa chini ya katikati ya chungu. Kumbe chungu kilijazwa kwa mara moja. Na kwa kuwa kilikuwa chembamba kiasi kwamba kingepasuka kama kingebebwa kimejaa, kilizikwa kwanza, kisha kikajazwa kikiwa ardhini. Kwa hiyo wapo wataalamu wanaodhani kwamba ilikuwa sadaka kwa miungu yao wala si akiba. Habari hiyo yote ingekufa kama Crisp angelitia mikono miwili akajaza gunia. Makumbusho ya Somerset yaliinunua dafina ile kwa zaidi ya pauni 320,000, na fungu likagawanywa kati ya Crisp na mwenye shamba.

Sarafu ya pwani yetu yenyewe inatufundisha jambo hilo kwa upande wake wa huzuni. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, aliokota mchangani sarafu tisa, akaziweka katika kopo zaidi ya miaka thelathini. Zilipochunguzwa baadaye, nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa! Zilifikaje huko, maelfu ya maili ng'ambo ya bahari, nani alizichukua, na katika karne ipi? Wataalamu wamekwenda, wamejadiliana, na hakuna aliyeweza kusema kwa yakini, maana mahali zilipolala hapakuandikwa siku ile. Zilinganishe na zile za Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale waliifukua dafina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu, zikiwa mahali pake. Hizo zimetoa ushahidi kwamba katika karne ya kumi na moja watu wa pwani hii walikuwa wakifua fedha yao wenyewe. Ni shahidi yule yule, ila mmoja aliulizwa alipokuwa amesimama, na mwingine aliburutwa nje ya baraza kabla ya kutoa kauli.

Ndiyo sababu sheria zimewekwa. Tanzania Bara inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayokataza kuchimba vitu vya kale bila kibali na kutaka kila kilichovumbuliwa kiarifiwe. Zanzibar ina sheria yake, na Kenya ina ile ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Kwa hiyo magofu ya Kilwa, Gedi, Tongoni au Mtambwe si uwanja wa detekta ya mtu binafsi, hata kama nia yake ni safi. Huko Uingereza kwenyewe, mtafutaji sharti apate idhini ya mwenye ardhi, na akipata dafina ana siku 14 za kuiarifu. Wala hili si geni katika maadili yetu: wanazuoni wa fikihi walitenga tangu zamani kiokotwa na rikazi, kiokotwa hutangazwa mwaka mzima kabla ya aliyekiokota kukitumia, na rikazi, mali iliyozikwa na watu wa kale, hutolewa humusi, yaani sehemu moja ya tano. Hata pete iliyopotezwa jana ufukweni na mgeni ina mwenyewe, na furaha ya kumrudishia haipimwi kwa mizani ya sonara.

Siku ya nne nilipewa ruhusa ya kuchimba, na chini ya mwembe wa mjomba nikausikia mlio mwembamba usiobadilika kwa njia zote mbili. Ikatoka peni ya Afrika Mashariki, senti kumi ya mwaka 1952, tundu katikati, pembe za ndovu zikilikumbatia. Nilimpelekea mjomba barazani, naye akaipokea kwa mikono miwili, akalitazama jua kupitia tundu lake, akaniuliza, "Umeipata upande gani wa mwembe, mwanangu?" Nikamwonyesha. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwamba upande ule ndipo alipokuwa akikaa bibi mmoja na chungu chake cha mbaazi, kila alfajiri, wao wakiwa wadogo na kila mmoja na peni yake mkononi, na kwamba hajalitaja jina la bibi yule kwa miaka hamsini.

Akalitaja. Nami nikafungua daftari, na mbele ya jina hilo, ambalo ni lake na si langu kulichapisha, nikaandika: peni moja, shaba, 1952, kina, shubiri moja kasoro, mashariki ya mwembe, hatua nne, mahali pa mbaazi.