Kwa Nini Kisu Hukosa Mstari?

Stika nene zinazobandikwa kwenye magari ya abiria na milango ya maduka hupitia mashine mbili. Ya kwanza huchapa picha juu ya vinili, yaani plastiki nyembamba yenye gundi, iliyoshikizwa kwenye karatasi ya mgongo. Ya pili, iitwayo plota, hukata kwa kufuata ukingo wa picha hiyo. Mara nyingine picha hutoka safi, lakini kisu kikapita milimita moja au mbili nje ya mstari. Kazi ya siku nzima hutupwa, na plastiki ya aina hiyo haiozi upesi. Hata hivyo, fundi asikimbilie kuilaumu mashine. Kila kosa lina umbo lake, na umbo hilo hufichua chanzo chake.

Yafaa ieleweke kwamba plota haiioni picha. Ina kijicho cha mwanga kinachotafuta alama nyeusi zilizochapwa kandokando ya kazi. Kwa kulinganisha mahali alama zilipo na mahali zilipotarajiwa kuwapo, mashine hukokotoa jinsi vinili ilivyosogea, ilivyokaa mshazari au ilivyonywea. Ikiwa mkato umehama kwa kipimo kile kile na upande ule ule kila mahali, basi umbali baina ya kijicho na kisu haukupimwa sawasawa. Ikiwa kosa ni dogo mwanzoni, kisha huzidi kadiri kazi inavyoendelea, vinili imeteleza kwenye magurudumu au imebadilika urefu. Badiliko la sehemu 2 katika 1,000 ni dogo kulitamka, lakini kwenye kazi ya mita 1 hufikia milimita 2. Dawa yake ni kuongeza alama katikati ya kazi, na kuuacha wino ukauke barabara kabla ya kukata.

Kosa la tatu hujitokeza kwenye pembe. Ncha ya kisu haikai chini ya mhimili wake, bali hufuata nyuma, kwa kawaida kwa robo ya milimita, kama gurudumu la mbele la kitoroli linavyofuata nyuma ya egemeo lake. Kwa hiyo mashine hairuhusiwi kugeuka penye pembe hasa. Hapana budi mhimili upite mbele kidogo, ndipo ncha izunguke. Mashine ikiarifiwa umbali mdogo kuliko ulio wa kweli, pembe huviringika. Ikiarifiwa mkubwa mno, pembe huota vijipembe.

Unene huzidisha taabu hii. Vinili ya milimita 0.08 iliyofunikwa kwa utando wa kiasi hicho hicho hufikia 0.16. Ncha huzama zaidi, msuguano huongezeka, na kisu huchelewa kugeuka. Hapo hutumika kisu cha nyuzi 60 badala ya 45, mwendo hupunguzwa, na pengine mstari hukatwa mara mbili. Kisu kisichomozwe kupita kiasi, kisije kikaitoboa karatasi ya mgongo.

Fundi mwangalifu huanza kwa kukata mraba na duara dogo kwenye kipande cha pembeni. Kisha hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja na kupima tena. Hiyo ndiyo kanuni ile ile ambayo mwanafunzi hufundishwa katika maabara ya shule.